Mwaka Tulioshona Vitabu Makole

Wifi yangu alizikwa mwezi uliopita, ng'ambo ya Manyoni, kwenye kijiji ambacho basi humshusha mtu barabarani likamwacha amalizie kwa miguu. Mwanawe mkubwa alinipigia simu nikiwa kazini, mikono imejaa gundi. Nilimwambia asubiri ninawe, akasubiri, na kwa kusubiri kwake nikawa nimeshajua. Nilikwenda, nikakaa na wafiwa, nikarudi. Watu walimsema vizuri. Walisema alikuwa na mkono mwepesi wa kukamua na mzito wa kupiga watoto, na hilo ni kweli. Halafu jirani mmoja, mtu mwema ambaye ndiye aliyetafuta turubai, alisimama akasema, "Marehemu hakujua kusoma, lakini alikuwa na akili kuliko sisi tuliokwenda shule." Watu wakaitikia. Wanawe wakaitikia pia, kwa sababu ndivyo wanavyojua. Kaka yangu, mumewe, alitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, na pale hapakuwa mahali pa kumsahihisha mtu. Naandika hapa. Alijua kusoma. Alijifunza mwaka uleule niliojifunza mimi, kwenye benchi moja na mimi, na alinitangulia.

Kwa nini tulitoka Hanang sitaeleza kirefu. Ng'ombe waliisha, tukaja Dodoma na watu wengine wa kwetu, Wabarbaig, tukapanga vyumba viwili Chang'ombe. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuolewa, na sikujua herufi hata moja. Baba na mama walikaa chumba cha mbele, kaka na mkewe chumba cha nyuma, nami nililala kwenye ujia, karibu na magunia ya mkaa ya mwenye nyumba. Chumba cha nyuma hakikuwa na mlango wake wa nje. Ili wifi atoke kwenda jikoni ilimlazimu kupita chumba cha mbele, na chumba cha mbele ndipo baba alipokaa kwenye kigoda chake mchana kutwa, kwa kuwa hakuwa na zizi la kwenda kulitazama. Kwetu mke wa mtoto hapiti mbele ya macho ya baba mkwe ovyo. Wanaheshimiana kwa mbali, na kule tulikotoka umbali ulikuwepo. Pale Chang'ombe uligeuka kuwa kazi. Wifi alikohoa nyuma ya pazia, baba akazungusha kigoda akatazama ukuta, wifi akapita na ndoo, kisha baba akarudisha kigoda. Akirudi na maji, hivyohivyo. Nadhani baba aliujua ukuta ule kuliko alivyoujua mji.

Mwenye nyumba wetu, Mama Shabani, Mrangi wa Kondoa, aliyakuta hayo asubuhi moja akasimama mlangoni na kanga yake kichwani.

"Nyie Mang'ati mna kesi gani na mlango? Mmoja akiingia, mwingine anageukia ukuta."

"Ni heshima, mama," mama yangu alimjibu.

"Heshima ya kugeukia ukuta sijaiona. Kwetu mkwe tunamgeuzia mgongo akija na njaa."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Jina lile la Mang'ati hatukulipenda, lakini kinywani mwa Mama Shabani halikuuma, maana jioni ileile alituletea bakuli la mlenda na kutuambia Wagogo wameharibu ulimi wake, hawezi tena kula ugali bila kuteleza.

Kitu kimoja zaidi lazima nikiseme hapa, kwa kuwa mengine yote yanakitegemea. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Hamwiti kwa jina, hamtaji kwa jina hata akiwa peke yake kisimani, na jina hilo likiwa limefanana na neno la kawaida, neno hilo nalo analiacha, anatafuta jingine. Hakuna anayemlinda asilitaje. Anajilinda. Baba yangu aliitwa Gidamis. Mimi binti yake nililitaja jina hilo kila siku bila kufikiri. Wifi, kwa miaka yote niliyomjua, sikulisikia kwake hata mara moja.

Darasa lilikuwa Makole, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, wenye madirisha yasiyo na vioo na harufu ya nta na viazi, kwa sababu akina mama wa kwaya walipikia pale. Lilikuwa darasa la watu waliotoka mbali: sisi Wabarbaig, Wasandawe wawili, na Elisha, fundi baiskeli kutoka Burundi. Mwalimu wetu, Yudita, Mgogo wa Buigiri, alijaribu wiki za kwanza kutufundisha kwa kitabu cha kawaida, chenye picha ya mtoto na mpira. Akatuona tunasinzia. Siku moja alikiweka kando akamuuliza wifi, "Hiyo sketi ya ngozi uliyokuja nayo siku ya kwanza, ilishonwaje?" Wifi akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, na Mwalimu akawa anaandika ubaoni kila alichosema, vilevile kilivyotoka. Alipomaliza ubao ulikuwa umejaa. "Haya," akasema, "someni. Haya ni maneno yenu, hamwezi kusema hamyajui." Ndivyo tulivyoanza kutengeneza vitabu. Kila mtu kitabu chake, juu ya jambo la kwao.

Karatasi zilikuwa vipande vilivyobaki kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini, ambacho kilimpa Mwalimu bure. Majalada tulikata kwenye maboksi. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano, na Elisha alikuwa akiionja. "Ikikosa chumvi kitabu hakishiki," alisema kwa sura ya mtu asiyetania. Kitabu chake kilieleza jinsi watu wa kwao wanavyokaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake.

"Elisha, huu ni ukumbi wa kanisa," Mwalimu alimwambia.

"Mwalimu, mimi nimeandika juu ya mirija. Kilichomo chunguni sijakitaja."

Kitabu cha wifi kilikuwa cha sketi. Alichora ngozi ilivyowambwa, ilivyokwanguliwa, ilivyolainishwa kwa mafuta, na jinsi zile nyuzi ndefu za pindoni zinavyokatwa bila kuachana na ngozi mama. Aliandika, na sentensi hii naikumbuka kwa sababu baadaye niliisoma kwa sauti: Kisu kifuate ngozi kama mto unavyofuata bonde. Alishona vitabu vya darasa zima, kwa sindano ya viatu na uzi wa kitani, na mishono yake ilikaa sawa kama meno. Mwalimu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuilegeza: kila kitabu kitaje watu kwa majina yao. "Msiniandikie mtu mmoja, mtu fulani. Mtu fulani hajawahi kuwapo." Ilikuwa kanuni nzuri, na hata leo naiona nzuri. Sketi ya bibi harusi ilianza na fahali, na fahali wa wifi alitoka zizi la baba yangu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ulihitaji jina, na wa tatu, na ule wa mwisho ambapo mzee anamkabidhi mkwe ng'ombe wa maziwa. Wifi alipofika kwenye jina aliacha nafasi, akanisukumia kitabu kwa kiwiko bila kunitazama. Nilijaza, nikamrudishia. Katika kusoma ikawa hivyohivyo. Tulikaa wawiliwawili, yeye anasoma, anafika pale, ananyamaza kidogo, mimi nalitaja, anaendelea. Ilikuwa kama mtu kumshikia mwenzake pazia apite na mzigo. Baada ya majuma machache hakuna aliyeona tena kwamba sauti ni mbili. Hata Mwalimu hakuona. Hata sisi.

Katikati ya kiangazi Mwalimu alikuja na habari. Kile kiwanda kilihitaji mtu mmoja wa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, kupanga kurasa na kuzishona, na wamekubali kumchukua kutoka darasani kwetu, awe mwanamke au mwanaume, akijua kusoma. Nafasi moja. Wote tuligeuka tukamtazama wifi. Elisha alisema, "Mimi nina baiskeli zangu. Mpeni mwenye sindano." Nyumbani wifi hakulitaja jambo hilo kwa siku kadhaa, kisha nikasikia mazungumzo kupitia pazia, wakati nikichambua mchicha kwenye ujia. Kaka alikuwa amechoka na ulinzi wa maduka. Rafiki yake wa ng'ambo ya Manyoni alimwahidi mbuzi wa kuanzia.

"Ukipata hiyo kazi tutabaki," kaka alisema. "Usipopata, mvua zikianza tunaondoka. Mimi siwezi kuzeeka nikilinda mlango wa mtu."

"Nitapata," wifi alisema.

"Una hakika gani?"

"Nimeshaziona herufi zote. Hakuna mpya zilizobaki."

Kaka alicheka, na yeye akacheka, nikasikia kicheko chake kikikatika ghafla kwa sababu baba alikuwa amekohoa chumba cha mbele. Nilimsikia wifi akiimba kwa sauti ya chini majuma yale. Alikuwa akisoma kila kilichoandikwa: mifuko ya saruji, kanga za Mama Shabani, vibao vya maduka tukienda Makole. Alinisomea mimi, kwa sababu nilikuwa mzito. Alinishika mkono barabarani akasema, "Hiki, wifi, hiki kinasemaje? Usikisie. Kitazame."

Mtu wa kiwanda alikuja mwenyewe kutusikiliza. Alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye wino kwenye kucha, na penseli sikioni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kila mtu mmoja mmoja. Alisema tutaingia ukumbini mmoja mmoja, kila mtu asome kitabu chake mbele yake na Mwalimu, wengine tusubiri nje. Wala hatukushtuka. Tulikwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha, na wifi akaitwa wa kwanza.

Nilimsikia akianza vizuri, kwa sauti yake ya darasani. "Ngozi ya sketi yangu ilitoka kwa fahali aliyezaliwa kwenye zizi la..." Akanyamaza. Na mimi, chini ya dirisha, nikafanya nilichozoea.

"Gidamis," nikasema.

"Aliye dirishani anyamaze," yule mzee alisema, bila ukali. "Rudia, mama. Peke yako."

Akarudia. Safari hii alipofika pale hakusimama. "...kwenye zizi la mzee wa nyumbani kwetu."

Nilisimama nikachungulia. Penseli ya yule mzee ilikuwa imefuata mstari, ikasimama.

"Hapa pameandikwa mzee wa nyumbani?"

"Hapana," wifi alisema.

"Pameandikwa nini?"

Wifi alitazama ukurasa. Mwalimu Yudita alikuwa ameanza kuelewa. Nilimwona akiweka mkono shavuni.

"Mama, hiki umekitunga mwenyewe," mzee alisema. "Mtu akitunga kitu anakishika kichwani. Sikulaumu. Hebu tujaribu usichokitunga." Akachukua kitabu kilichokuwa juu ya rundo mezani. Kilikuwa changu. "Anza na jalada."

"Paskalina," wifi alisoma.

"Paskalina nani?"

Jalada lile nililiandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, jina langu na la baba yangu. Wifi aliinua macho akatazama ukuta wa ukumbi, na hakuyashusha.

"Mzee, hilo ni jina la baba mkwe wake," Mwalimu alisema. "Kwao mwanamke halitamki. Na kwenye kitabu chake ni hilohilo. Anasoma huyu, tena ananisaidia kufundisha."

Yule mzee nisingependa mtu amwone mbaya, kwa sababu nilifanya kazi chini yake baadaye na sikumwona akimdhulumu mtu. "Na mimi nina wakwe, Mwalimu," alisema. "Lakini kazini kwangu karatasi zinakuja zimechanganyika. Anayezipanga lazima asome kilichopo, siyo kinachomfaa. Leo ni jina la mkwe. Kesho kitakuwa nini? Mimi nimesikia mtu mmoja akisoma na mwingine akimsomea." Akaipangusa penseli kwa kidole. "Yule wa dirishani ni nani?"

"Wifi yake."

"Aingie."

Tulipishana mlangoni. Mlango ule ulikuwa mwembamba, ikabidi mmoja asimame pembeni, na aliyesimama ni yeye. "Soma vizuri," aliniambia kwa lugha yetu. "Usikimbize maneno." Nilidhani nitapewa kitabu changu, lakini mzee alinipa cha wifi, ili ajue kama na mimi nasoma au nimekariri. Nikakisoma chote, sketi, kisu na bonde, na jina la baba yangu mahali pote lilipokuwa. Sikukosea, kwa kuwa nilikuwa nimekisikia kwake mara nyingi sana. Yule mzee asiyetaka mtu aliyekariri hakujua kwamba siku ile aliyekariri ni mimi. Nafasi nikapewa mimi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kiasi kwamba limeacha kunichoma na limebaki kuwa zito tu. Yale yote niliyojifunza tangu hapo nimejifunza peke yangu, kwenye karatasi zilizopita mikononi mwangu kiwandani: sheria, dini, kilimo, vitabu vya watoto, kimoja baada ya kingine, nikisoma kabla ya kushona. Sikwenda shule yoyote zaidi ya ule ukumbi. Na kila nilipofungua ukurasa mgumu nilitumia njia aliyonipa yeye, ya kutazama bila kukisia. Yeye alikwenda mahali ambapo karatasi chache zilizofika nyumbani kwake zilikuwa na majina matatu, la mtoto, la baba, na la babu, lilelile asilolitamka. Ripoti za shule, kadi za kliniki, zote. Mwanawe aliniambia msibani, "Mama alikuwa akipewa karatasi anaigeuza, ananirudishia. Anasema nisomee." Nikamwambia, ndiyo, hata mimi nilikuwa nikimsomea.

Siku ile tulirudi Chang'ombe kwa miguu mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakulitamka, mara moja tu, mbele ya watu wasiotujua. Hakukasirika.

"Ningelitamka ningepata kazi," alisema. "Halafu ningerudi nyumbani kwa nani?"

Mama tulimweleza jikoni, kwa sauti ndogo. Alisikiliza huku akipepeta uwele, na alipomaliza kusikia aliendelea kupepeta hata baada ya makapi kuisha. Nilisema nitakwenda kumweleza baba ilivyokuwa. "Hilo halipelekwi kwa baba yako," mama alisema. "Akisikia ataona ni yeye aliyemwangusha mkwe wake. Na ataona jina lake limewekwa mezani mbele ya watu wa mji wamlazimishe binti wa watu alitaje. Mwache akae." Kwa hiyo hakuna aliyemweleza. Baba hakujua kusoma, hakujua kwamba jina lake liko ndani ya kitabu cha sketi. Alichoambiwa jioni ile, alipouliza, ni kwamba wifi hakufaulu na mimi nimefaulu.

Tulikuwa tunakula wakati mwanga bado upo. Baba alikuwa kwenye kigoda chake chumba cha mbele, mama kando yake, mimi nikipeleka maji ya kunawa. Wifi alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha mabati kilichoshikana na ukuta wa chumba kile, akisonga ugali wa pili, wa kaka aliyekuwa akijiandaa kwenda lindoni. Ukuta ulikuwa wa matofali yasiyopigwa lipu, na kila neno lilipita. Baba hakusema naye moja kwa moja. Alisema nasi, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama alivyofanya daima alipotaka neno limfikie.

"Mwambieni asihuzunike," baba alisema. "Kusoma si kwa kila mtu. Hata ng'ombe wa zizi moja hawatoi maziwa sawa."

Nilifungua kinywa. Mama alinishika goti.

"Mwambieni mimi simdai shule," baba aliendelea. "Ana adabu. Nyumba hii haijawahi kuona mkwe mwenye adabu kama yeye. Herufi zimemshinda, basi, zimemshinda. Hakuna atakayemcheka hapa kwangu nikiwa hai."

Na hakuna aliyemcheka. Walipoondoka mvua zilipoanza, baba alimwagiza kaka asimkumbushe mkewe habari za darasa, na kila mgeni aliyekuja kwetu Chang'ombe na kuuliza habari za mkwe wetu alimwambia kwamba ni mwanamke mwema, ila kichwa cha shule hakujaliwa. Alisema hivyo kwa upendo mpaka alipokufa.

Jioni ile nilipokwenda jikoni kuchukua mboga nilimkuta wifi ameinamia sufuria, ameshika mwiko kwa mikono miwili. Alikuwa ameyasikia yote. Alinitazama kuhakikisha sikusema kitu, nami nikatikisa kichwa kwamba sikusema. Akageuza ugali, akaupiga mwiko ukae vizuri, akausukuma upande wangu.

"Mpelekee mzee aongeze," alisema. "Leo amekula kidogo."